Kulala na kupanga mizigo kwenye Haisi, safari ya kuzunguka ziwa kutoka Mwanza

msafiri_nyegezi
Wakuu habari za leo, naomba uzoefu wenu maana huku kijiweni kila mtu ana lake. Tuna Haisi, siti za nyuma tumetoa tukabakiza za katikati kwa ajili ya watoto wawili, huko nyuma tumechongesha kitanda cha mbao na chini yake pakabaki uwazi wa mizigo, kuna friji dogo, mtungi wa gesi kilo 6 na jiko lake, juu kuna keria. Shule zikifungwa mwezi wa 12 tunataka kuzunguka ziwa lote, tunatoka Mwanza tunapita daraja la Kigongo–Busisi, Geita, Bukoba, tunavukia Mutukula tunaingia Uganda mpaka Jinja, halafu Busia, Kisumu, tunarudi na Sirari, Bunda, Magu, nyumbani. Maswali yangu ni mawili. Mizigo naipangaje isirukeruke humo ndani? Na suala la kupumzika, mimi na mama watoto wote tunaendesha, wazo letu ni mmoja akishika usukani mwenzake analala kitandani kule nyuma, kwa hiyo gari haisimami sana na tunafika mapema. Hii imekaaje?

dereva_wa_usiku
Mkuu safari nzuri sana hiyo ila hilo la kulala kitandani gari ikitembea lifute kabisa. Aliyelala kule hana mkanda, na kitu chochote ambacho hakijafungwa kinaendelea na spidi ileile hata gari ikisimama ghafla. Piga hesabu mwenyewe, gari ya spidi 50 ikigonga kitu, mtu asiyefungwa anaenda mbele kwa nguvu sawa na aliyeanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi, ukiwa spidi 80 inakuwa mita 25, ni ghorofa hiyo. Na mbele yake kuna nani? Watoto wako kwenye siti za katikati. Anayepumzika akae siti ya abiria, afunge mkanda, siti ailaze kidogo tu, akiilaza sana mkanda unahama kutoka kwenye nyonga unapanda tumboni na mwili unaweza kuteleza chini yake.

Sasa kupumzika kwenyewe. Waingereza kwenye mwongozo wao wa barabarani wanashauri dereva asimame angalau dakika 15 kila baada ya masaa mawili, na Ulaya madereva wa malori na mabasi sheria inawataka wapumzike dakika 45 wakishaendesha masaa manne na nusu. Wewe una watoto, chukua hayo masaa mawili. Mchana kati ya saa nane na saa kumi mwili unashuka hata kama usiku ulilala vizuri, ukichanganya na ugali wa mchana ndio kabisa, na usiku kuanzia saa nane mpaka saa kumi na mbili asubuhi ndio muda mbaya kuliko yote, hapo usiwe barabarani kwa sababu yoyote ile. Mtu anasinzia sekunde nne tu bila kujua, kwa spidi 80 gari imeshaenda karibu mita 90 haina dereva. Kufungua dirisha na kuongeza muziki hakuondoi usingizi, kunakudanganya dakika chache. Kinachosaidia ni kuegesha sehemu salama, unakunywa kahawa, unalala hapohapo kama dakika 20, kahawa inachukua muda kama huo mpaka nusu saa kuanza kufanya kazi kwa hiyo unaamka nayo. Ukishaamka usiwashe gari hapohapo, shuka, nawa uso, tembea kidogo mpaka kichwa kikae sawa.

Na kitu kimoja cha njia yetu, zamani kivuko cha Busisi kilikuwa kinakulazimisha kushuka na kunyoosha miguu utake usitake. Tangu daraja lifunguliwe mwezi wa 6 mwaka 2025 zile kilomita 3 unazimaliza kwa dakika chache tu, ni jambo kubwa sana kwetu, lakini ule mpumziko umeondoka. Inabidi uupange mwenyewe, Sengerema au Geita.

fundi_igoma
Mizigo niachie mimi. Kanuni ya kwanza, kizito kinakaa chini na kinakaa katikati ya tairi za mbele na za nyuma. Kwenye Haisi watu wanarundika kila kitu kwenye mlango wa nyuma kwa sababu ndiko rahisi kufungua, matokeo yake uzito unapita tairi za nyuma, pua inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika wenzako machoni. Kwa hiyo maji, betri, friji, boksi la spana, vyote sogeza mbele kabisa ya ule uwazi wa chini ya kitanda, mgongoni mwa siti za watoto. Huko nyuma mlangoni weka nguo, mablanketi, viti vya plastiki.

Halafu hapo mgongoni mwa siti weka kizuizi cha chuma, usitegemee mgongo wa siti wala plaiwudi. Mchomeleaji anakutengenezea geti la bomba nyembamba na wavu, linafungwa kwenye bodi kwa bolti. Na ndoano za kufungia mizigo zisishikwe na skurubu kwenye mbao, zitang'oka siku unayozihitaji. Toboa mpaka chuma cha sakafu, pitisha bolti, huku chini weka washa pana na nati ya kujibana, ila kwanza lala uvunguni uone bomba za breki na tangi la mafuta viko wapi. Mikanda ya kukazia ile ya malori ndio yenyewe, ile mipira ya tyubu inavutika, mzigo unaanza kucheza. Friji lipate mkanda wake na mlango wake komeo.

Mtungi wa gesi, hiyo kilo 6 ni gesi tu bado chuma chake, usiuache unabingirika. Unasimama wima, unafungwa sehemu mbili, juu na chini, na valvu inafungwa kila gari inapotembea. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini, na nyie chini mna betri na waya za friji. Mtungi ukae kwenye kaboksi kake kenye tundu sakafuni la kutolea gesi nje, mbali na betri.

mama_wa_kirumba
Kaka yangu hao wamesema vizuri, mimi naongeza kitu ambacho naona kinasahaulika sana na ndicho kinachofanya watu wasipumzike. Tazama gari lako sasa hivi likiwa limejaa, halafu jiulize, ikifika saa nane mchana macho yanafumba, unaweza kupanda kitandani bila kushusha hata begi moja? Magari mengi ya namna hii kitanda ndio stoo. Mabegi juu ya godoro, mkungu wa ndizi mmeununua Muleba uko juu ya godoro, viatu vya watoto vipo hapo. Dereva anaangalia ile kazi ya kutoa vitu vyote anasema basi ngoja tusogee mpaka mji wa mbele. Na mji wa mbele anasema hivyohivyo. Mtu hajakataa kupumzika, mizigo ndio imemkatalia, na anayelipa ni yule mtoto aliyelala kwenye siti ya katikati akimwamini baba yake.

Kwa hiyo sheria ya gari iwe moja, juu ya godoro hakikai kitu zaidi ya shuka na mito. Kama kitu hakina pa kukaa chini, hakiendi safari. Mimi ningefanya mazoezi nyumbani kabla, mnapakia vyote, halafu mnajaribu kulala bila kushusha kitu. Kila mtoto begi moja laini, sio masanduku. Kuna na begi la usiku, linakaa karibu na mlango wa pembeni, lina tochi, miswaki, dawa, chandarua, karatasi za chooni, ili mkifika mmechoka hamfukui kila kona.

Watoto wafungwe mikanda muda wote hata wakilala, yule mdogo kiti chake cha mtoto. Vitu vya kuchezea viwe laini, chupa za maji ziingie kwenye mfuko wa nyuma ya siti, simu na tableti zisiachwe dashibodi.

Kulala usiku, tafadhali msiegeshe ufukweni kwenye majani hata kama panavutia, viboko wanatoka ziwani usiku kula majani, na mama na mtoto wake hawana masihara. Ombeni kuegesha ndani ya uzio wa gesti, nyingi mkiongea vizuri wanakubali kwa hela kidogo, na Jinja kambi za wageni zipo. Madirisha mawili yaachwe wazi kidogo na nyavu za mbu, kanda yetu hii malaria haichagui. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari hata likiwa limebaki majivu ya moto, ile hewa yake haina harufu na inaua watu wamelala, na gari lisiachwe linaunguruma mkiwa mmelala.

Mapumziko myape sababu, watoto watafurahi. Kati ya Masaka na Kampala pale Kayabwe mnapita mstari wa Ikweta, na mkitoka Busia kwenda Kisumu mnauvuka tena Maseno. Simameni sehemu zote mbili.

msafiri_nyegezi
Dah nawashukuru sana, hilo la kulala nyuma tumelifuta leo hii. Dada wa Kirumba umenigusa maana kweli hapa nilipo godoro lina mabegi juu yake. Fundi swali moja, nataka kubeba madumu manne ya maji ya lita 20, ndani naona yanakula nafasi ya chini yote, nikiyapandisha kwenye keria vipi?

fundi_igoma
Hapana mkuu. Lita moja ya maji ni kilo moja, manne hayo ni kilo 80, keria nyingi uwezo wake ni 75 mpaka 100 na humo uhesabu na uzito wa keria yenyewe. Zaidi ya hapo unaweka uzito kule juu kabisa, upepo wa pembeni au kona kali gari inayumba. Beba dumu moja lililojaa na moja tupu, maji utajaza njiani kila mji. Keria iwe na turubai na viti basi. Upepo wa tairi pima asubuhi zikiwa za baridi, kipimo kipo kwenye stika mlango wa dereva. Na mkifika Sengerema kwenye ule mpumziko wa kwanza kaza mikanda yote upya, mizigo ikishatikisika inajipanga na kila mkanda unalegea.

dereva_wa_usiku
Na siku ya kwanza isiwe ndefu. Mpaka Bukoba ni kilomita kama 400, tokeni saa kumi na mbili asubuhi, mkiona mmechelewa laleni Chato, Bukoba mtafika kesho yake.