Tahariri ni makala yoyote ya maoni?

Swali
Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Nilipokuwa nikiandaa somo, nilinukuu makala ya gazeti yenye jina na picha ndogo ya mwandishi, nikaiita tahariri. Mwalimu mwenzangu akanisahihisha kwamba ile ni safu. Tofauti yake ni nini hasa, na nikinukuu tahariri nimtaje nani kuwa msemaji?

Jibu la 1
Mwenzako amesema kweli, mwalimu. Tahariri ni msimamo wa gazeti lenyewe, na ndiyo maana aghalabu haina jina la mwandishi: hata ikiandikwa na mtu mmoja, huwa imeridhiwa na mhariri au jopo la wahariri, nao ndio wanaobeba dhamana yake. Safu ni ya mtu. Mwandishi wake anaweza kuipinga tahariri iliyochapwa siku hiyo hiyo, na hakuna utaratibu uliovunjwa. Kwa hiyo andika kwamba gazeti fulani, katika tahariri yake ya tarehe fulani, limesema hivi, wala usihangaike kutafuta jina la mtu.

Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, ukoo mmoja na kuhariri na mhariri, jambo linalowafanya baadhi ya watu wadhani kwamba kila kilichohaririwa ni tahariri. Habari za ukurasa wa mbele nazo huhaririwa, lakini hazitoi msimamo wa gazeti.

Jibu la 2
Naongeza aina ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayochanganya zaidi, nayo ni makala ya mwandishi mgeni, yaani mtu wa nje aliyealikwa kuandika, asiye mfanyakazi wa gazeti. Mwaka 1970 gazeti la The New York Times lilianzisha ukurasa wa makala za namna hiyo, likauita Op-Ed, jina lililomaanisha tu kwamba unatazamana na ukurasa wa tahariri, ingawa wengi waliamini kwamba jina hilo linahusu maoni. Mwaka 2021 gazeti hilo liliacha kulitumia, kwa kuwa kwenye intaneti hakuna kurasa zinazotazamana.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Nimelifungua tena gazeti lile: tahariri iko upande wa kushoto, chini ya jina la gazeti, na haina jina la mtu, ilhali makala niliyoinukuu iko ukurasa unaotazamana nao. Kesho nitawasahihishia wanafunzi wangu.