Karata 16 za watu kwenye taroti: nilikosea wapi, na ninyi mnazisomaje?

BintiPangani

Habari za usiku ndugu zangu. Nipo Leicester, Uingereza, nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kulea wazee. Saa hizi wamelala wote, ndiyo nimepata nafasi ya kuandika.

Huu ni mwaka wangu wa pili najifunza taroti, zile karata za picha za kutazamia. Seti yangu ni ile iliyotoka London mwaka 1909, aliyoichora Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite. Niliikuta kwenye duka la vitu vilivyotumika. Karata zote 78 zimo, ila Mfalme wa Sarafu amemegeka kona. Zile kubwa 22 nimezizoea. Za namba nazo zinasomeka, kwa sababu kila picha ina jambo linatendeka: huyu kabeba mzigo, wale wanagombana, yule hapati usingizi. Zinazonishinda ni hizi 16: Ghulamu, Mpanda Farasi, Malkia na Mfalme, katika makundi manne ya Fimbo, Vikombe, Panga na Sarafu. Unakuta mtu kakaa tu, basi. Kijitabu kinasema "mwanamke mwenye nywele nyeusi", "kijana mwema", nami naishia hapo hapo.

Kilichonifanya niandike leo ni hiki. Mwezi wa pili mwenzangu wa kazini, tunaitana dada, aliniomba nimtazamie mambo ya moyo. Nikachanga, nikatoa tatu, ya katikati akatoka Mfalme wa Vikombe. Nikamwambia kama kijitabu kinavyosema: mwanamume wa makamo, mpole, mwenye busara. Dada yangu akaruka. Kumbe alikuwa anaandikiana na mtu mtandaoni aliyejitambulisha kuwa ni nahodha. Na kwenye picha ile, nyuma ya kiti cha mfalme, kuna meli! Tulipiga vigelegele pale jikoni saa tisa ya usiku. Wiki tatu baadaye akamtumia pauni 400 za "ushuru wa mzigo", na yule mtu hakuonekana tena.

Hajanilaumu hata siku moja. Ila mimi naona kama kidole changu ndicho kilichobonyeza kutuma. Nisaidieni. Karata hizi zinasomwaje?

MamaTaroti_Hamburg

Pole sana mdogo wangu, na mpe pole dada yako. Nina miaka kumi na kitu na karata hizi, na kosa lako nimelifanya mimi mara nyingi kuliko wewe.

Tuanze na huyo huyo Mfalme wa Vikombe. Mtoe, mweke chini ya taa. Kiti chake kiko juu ya jiwe, na jiwe liko katikati ya bahari iliyochafuka. Sasa tazama miguu yake. Haijaloa. Shingoni ana mkufu wa samaki, upande mmoja samaki anaruka, upande wa pili ndiyo hiyo meli inayumba. Kikombe anacho mkononi lakini macho yake hayapo kwenye kikombe. Halafu mweke pembeni Malkia wa Vikombe, uone yeye alivyokikodolea macho chake, na ni kikombe chenye kifuniko, huoni kilichomo.

Umeona? Huyu si mwanamume anayekuja na meli. Huyu ni mtu mwenye hisia nzito kama bahari, lakini hajaziacha zimzamishe. Dada yako aliuliza habari za moyo akiwa tayari ameshaloa mpaka shingoni. Karata ilikuwa inamwonyesha jinsi ya kukaa. Yeye ndiye alitakiwa awe mfalme.

Kwa hiyo mimi, kabla sijachanga, huwa namwuliza aliyekuja: "Kikitoka kiti cha mfalme au malkia, nikuwekee wewe, nimwekee mwenzako, au nisome kama namna ya kufanya jambo?" Anachagua yeye, mdomo wake mwenyewe, kabla karata haijageuzwa. Ukiacha uchaguzi huo hadi picha ionekane, hamu ndiyo itakayochagua, na hamu siku zote inachagua mgeni mzuri anayekaribia.

Pia anza na Wapanda Farasi, usianze na wafalme. Wapange wanne mezani, wasahau wao, tazama farasi tu. Wa Panga anakimbia kiasi kwamba mpaka miti imelala kwa upepo. Wa Fimbo farasi ameinua miguu ya mbele, hajui kutulia. Wa Vikombe anatembea taratibu, kama yuko kwenye maandamano ya harusi. Wa Sarafu amesimama, hatikisiki, na nyuma yake kuna shamba lililolimwa. Mtu akikuuliza "nihame kazi?" ukatoka huyo wa mwisho, huhitaji kutafuta kijana mwenye farasi mweusi mtaani Leicester. Jibu liko kwenye kwato.

Abu_Swaleh

Dada, mimi si mtaalamu wa haya wala sitaki kuwa. Kwetu hii ni ramli, na ramli tumekatazwa. Nakuambia kwa nia njema: pauni 400 ni kidogo, kuna waliopoteza nyumba kwa kumsikiliza mtazamiaji. Mwambie dada yako aende benki akatoe taarifa, hata kama muda umepita.

BintiPangani

Kaka Abu, nimekusikia na nimelipokea. Hilo la benki nitamwambia leo leo, sikuwa nimelifikiria.

Mama, nimekaa na karata yangu chini ya taa ya korido kama ulivyosema. Miguu haijaloa kweli. Nimeitazama karata hii mwaka mzima na sikuwahi kuiona hiyo miguu.

MzeeWaForodhani

Vijana, niruhusuni. Taroti ya kutazamia siijui, lakini karata nimecheza barazani tangu sijaota ndevu, na kuna jambo mnalipita.

Sisi karata za sura tulikuwa tukiziita wazungu. Mzungu wa pili ni bibi, mzungu wa tatu ni ghulamu, mzungu wa nne ni mfalme. Hizo pili, tatu na nne ni pointi zake katika wahedusitini, mchezo wa kufikisha sitini na moja. Umeona ajabu hiyo? Ghulamu anampita bibi, na mfalme mwenyewe na taji lake ana pointi nne tu. Ree, karata ya moja, inamwacha mbali. Na turufu, yaani kundi linaloyala mengine, ikiwa ya kundi jingine, kijikarata kidogo cha turufu kinamla mfalme mchana kweupe. Nguvu yake haiko usoni, iko kwenye mchezo uliopo mezani siku hiyo.

Tena angalieni majina yetu. Kopa, uru, shupaza, pau. Tumeyapata kwa Wareno: copas ni vikombe, ouros ni dhahabu, espadas ni panga, paus ni fimbo. Ndiyo hayo makundi manne ya taroti yenu! Karata za Kiingereza tunazochezea zina moyo na almasi, lakini ulimi wetu ulibaki na vikombe na dhahabu. Na turufu ni trunfo yao, ndugu wa trionfi, jina walilotumia Waitaliano wa karne ya 15 kwa zile karata mnazoziita kubwa. Binti, bibi yako alipokuwa akisema "kopa" alikuwa anasema kikombe.

Mwisho nitoke. Kabla ya Ulaya karata zilikuwa Misri kwa Wamamluki, watawala wa huko zamani, na seti yao moja ipo jumba la Topkapi, Istanbul. Ina vikombe, sarafu, panga na fimbo za mchezo wa polo. Lakini haina sura za watu. Kimeandikwa cheo tu: mfalme, naibu, naibu wa pili. Sura zililetwa baadaye. Mimi naona huko ndiko mnakopotea. Mnaiona sura mnaanza kumtafuta mwenye sura, na karata inataja cheo. Naibu anaweza kuwa yeyote. Leo wewe, kesho mwenzio.

MamaTaroti_Hamburg

Shikamoo mzee. Hili la naibu nimelinakili kwenye daftari.

Niongeze kuhusu sura. Pamela Colman Smith alikuwa mtu wa jukwaani, alizunguka na kundi la maigizo la Lyceum la London. Ukijua hivyo, unaona wale 16 wamevaa mavazi ya mchezo. Unamwona mwigizaji amesimama katika nafasi yake. Nafasi ndiyo ya kusoma.

Binti, ghulamu ni nafasi ya anayejifunza, mpanda farasi ni ya anayekwenda, malkia ameshalijua jambo kwa ndani, mfalme analisimamia mbele za watu. Usikariri zaidi ya hapo kwa sasa. Kundi litakuambia ni jambo gani: fimbo kazi na ari, vikombe moyo, panga maneno na akili, sarafu mwili na mfuko.

BintiPangani

Mzee, shikamoo, asante sana. Bibi yangu Pangani alikuwa anacheza na wajukuu, na kila akitupa karata alisema "kopa hiyo!" kwa sauti. Nimelia kidogo hapa kwenye kiti cha zamu.

Nawaletea mrejesho. Jana dada yangu alikuwa zamu nami. Nilimwomba msamaha kwanza, nikamsomea maneno ya kaka Abu, na asubuhi tulipotoka tukaenda benki wote wawili. Wameandika taarifa, hawakuahidi kitu. Kabla ya hapo, usiku, aliniomba mwenyewe nimtolee karata moja tu, kuhusu deni alilokopa kutuma zile hela. Nikamwuliza kama Mama alivyofundisha: "Akitoka mtu, ni nani?" Akanyamaza kidogo. "Ni mimi," akasema.

Akatoka Mpanda Farasi wa Sarafu. Sikusema neno. Yeye ndiye alianza kuikagua, akaweka kidole kwenye kwato, kisha kwenye yale matuta ya shamba. "Huyu hajachelewa," akasema, "anasubiri. Mshahara tarehe 28, nalipa hamsini. Mwezi ujao hamsini." Akaandika nyuma ya ratiba ya zamu.

Bado Ghulamu wa Vikombe ananisumbua, yule mwenye samaki anayechungulia kutoka kwenye kikombe, wanatazamana. Ni nafasi ya kujifunza moyo, sawa, ila samaki yule anamwambia nini? Ukipata muda, Mama, niandikie. Kengele ya chumba namba tisa inalia, naenda.