Naombeni ushauri, kibao cha yule kamanda wa boti za Mimi na Toutou

Wakuu shikamooni, mie natembeza wageni hapa Kigoma, nataka kuchora kibao cha Kiswahili kuhusu Spicer-Simson, yule afisa wa jeshi la majini la Uingereza, maana wageni wakishaiona meli ya Liemba swali la kwanza ni vita vya hapa Ziwa Tanganyika, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Habari yake ninayo. Ndo aliyeongoza boti mbili, Mimi na Toutou, zikatoka Cape Town kwa treni, kisha zikavutwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe kupita milima ya Kongo, halafu kwa treni tena na mtoni mpaka ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 akaiteka meli ya Wajerumani, Kingani, wakaibatiza Fifi, na Februari 1916 akaizamisha meli yao nyingine, Hedwig von Wissmann. Akapewa nishani ya DSO (Distinguished Service Order) kwao Uingereza, na Wabelgiji nao wakampa zao. Ila meli ya Götzen, ambayo ndo Liemba ya leo, hakuigusa yeye, Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, na mashine walishazipaka grisi kabisa, ndo maana ilipoibuliwa 1924 ikafanya kazi tena.

Sasa kinachoniumiza, nishani zote ni za kamanda, wakati barabara ile ya kuvutia boti milimani ilikatwa na Waafrika wenzetu kwa mikono, na majina yao siyaoni popote. Niwaweke juu ya kamanda au chini? Na hiyo DSO niiandike "Nishani ya Utumishi Uliotukuka" au niiache hivohivo? Fundi rangi anakuja Jumamosi, nisaidieni jamani.