Ushauri: kontrakti ya miezi 6 Uingereza, nipite ambrela au nifungue limitedi yangu?

Binti_Moro:
Habari zenu wakuu. Niko Leicester mwaka wa saba huu, ukaazi wa kudumu ninao kwa hiyo upande wa viza niko sawa. Nimepata kontrakti ya kutesti programu kwenye benki moja kubwa, miezi 6, pauni 350 kwa siku. Dada wa ejensi anataka nichague ambrela (kampuni inayokuajiri wewe na kukulipa, ejensi inawapa hela wao) kwenye listi yao kabla ya Ijumaa, shemeji yangu naye ananiambia nifungue limitedi, yaani kampuni yangu mwenyewe, ndiko kwenye hela. Mwaka juzi nilipita ambrela moja, tulikubaliana pauni 240 kwa siku, peislipu ya kwanza inakuja naona kuna mstari nimekatwa NI (National Insurance, mchango wa bima ya taifa) ya mwajiri halafu chini nimekatwa NI yangu tena, nilikaa jikoni na kikokoteo mpaka saa saba usiku najua nimeibiwa. Nina mtoto, na mwenye nyumba hasubiri. Mwenye uzoefu naomba anisaidie.

Fundi_wa_Leeds:
Dada, kabla ya yote, mkataba uko ndani ya IR35 au nje? Ni sheria ya kodi inayoangalia kama kazi yako ni ya mwajiriwa (ndani) au ya mtu anayejitegemea (nje). Ipo tangu 2000, ila tangu Aprili 2021 kampuni binafsi za kati na kubwa ndizo zinazoamua, sio wewe, na lazima wakupe maandishi wameamua nini na kwa nini. Ukiwa ndani, hata ufungue limitedi leo, kodi na NI vinakatwa kama mwajiriwa kabla hela haijagusa akaunti ya kampuni, na mhasibu bado anakudai. Shemeji yako hakudanganyi, anaongelea mikataba ya nje. Na mabenki makubwa kadhaa yalishakataa kabisa watu wa limitedi.

Mama Zuu:
Pole mdogo wangu, nami nililia na peislipu hiyo hiyo. Ngoja nikuonyeshe. 350 mara siku 5 ni 1,750 kwa wiki, hiyo sio mshahara wako, ni hela ejensi inayoipa ambrela. Humo wanatoa chao, tuseme pauni 20, wanatoa NI ya mwajiri ambayo tangu Aprili 2025 ni asilimia 15, na ile tozo ya mafunzo ya nusu asilimia. Unabaki na kama 1,510, na hela ya likizo imo humo humo. Hapo ndipo kodi yako na NI yako zinapoanza kukatwa, mkononi inafika kama 1,080, bado pensheni. Kwa hiyo haukuibiwa, ila hukuambiwa, na hilo ni kosa lao. Tangu Aprili 2020 ejensi inatakiwa ikupe karatasi ya maelezo yenye mfano wa malipo KABLA hujasaini. Idai.

kaka_reading:
Naongezea moja tu na naomba ulishike, ukipigiwa simu na ambrela inasema utabaki na asilimia 80 au 85, kata simu. Hao wanakulipa kimshahara kidogo halafu nyingine wanaiita mkopo. Jirani yangu aliingia huko, miaka baadaye HMRC (mamlaka ya kodi) wakamletea deni yeye mwenyewe, wale jamaa simu zao hazipatikani tena. Alikaribia kuuza nyumba.

Fundi_wa_Leeds:
Kweli kabisa. Na ukija kupata mkataba wa nje, hapo limitedi fungua bila wasiwasi. Kampuni inalipa asilimia 19 ya faida mpaka pauni 50,000, juu ya hapo inapanda taratibu hadi 25, wewe unajilipa mshahara mdogo na gawio. Ila faida yake sio kubwa kama zamani, gawio lisilo na kodi sasa ni pauni 500 tu. Na hela ya kampuni sio yako! Mimi kila invoisi ikilipwa nahamisha ya kodi siku hiyo hiyo kwenye akaunti nyingine, mwaka wa kwanza sikufanya hivyo, bili ilipokuja nikakopa kwa kaka yangu. Wanaosoma humu mkiwa na viza ya mwanafunzi msiige, hairuhusu kujiajiri.

Binti_Moro:
Asanteni sana jamani, Mungu awabariki. Nimeomba maandishi, yamekuja leo asubuhi, NDANI. Kwa hiyo ambrela. Ejensi wamenitumia na karatasi ya maelezo baada ya kuwaandikia mara mbili, hesabu inafanana na ya Mama Zuu, tofauti pauni chache. Kuna sehemu ya kuchagua hela ya likizo nilipwe kila wiki au waitunze, hapo mnanishauri nini?

Mama Zuu:
Una mtoto, chukua kila wiki uiweke pembeni mwenyewe. Ukiamua waitunze, waulize kwa maandishi inaisha tarehe ngapi, wengine mwaka wao ukifungwa hujaidai ndio imekwenda. Na angalia kodi namba (tax code) kwenye peislipu ya kwanza, ikiwa sio 1257L, ile ya kawaida, wapigie HMRC siku hiyo hiyo usingoje mwisho wa mwezi.