Naomba ushauri: mama amekataa mjukuu wake apewe chanjo ya surua

Ndugu zangu wa Goma na kwingineko, naomba mnisaidie mawazo. Tangu mwanzoni mwa mwezi huu wa Aprili 2020, Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtaalamu wa virusi wa nchi yetu, aliposema kwamba Kongo iko tayari kushiriki katika majaribio ya chanjo ya korona, mama yangu hataki kusikia habari ya chanjo yoyote. Profesa alifafanua baadaye kwamba majaribio hayangeanzia kwetu, lakini ufafanuzi huo haukuenea kama sauti zinazozungushwa kwenye WhatsApp, zinazodai kwamba watoto wetu watachomwa sindano hiyo kwa siri.

Mtoto wa dada yangu ametimiza miezi tisa, umri wa chanjo ya surua, na kadi yake mama ameifungia ndani ya sanduku la vitenge. Surua ndiyo inayonitisha zaidi, maana kufikia Januari ilikuwa imeshaua watu zaidi ya 6,000 nchini mwetu tangu mwaka jana, wengi wao watoto wadogo.

Mama si mkaidi wa tiba; ndoo ya maji ya klorini aliyoiweka mlangoni wakati wa Ebola bado ipo, na hakuna anayeingia bila kunawa. Dada anataka ampeleke mtoto kwa kificho, nami naona mama akigundua atazidi kuamini kwamba kuna jambo linafichwa. Je, nimwombe muuguzi wa kituo chetu aje nyumbani, au nianze na mchungaji wake? Waliofanikiwa kumshawishi mzazi wa namna hii walianzia wapi?