Tochi, dashibodi na macho: nani mkweli? Tupeane uzoefu

Wakuu, leteni mnachojua kuhusu kupimwa mwendo kwa tochi (kifaa cha trafiki cha kupima mwendo wa gari) na kuandikiwa faini. Habari za rushwa zina uzi wake.

Spana_Mkononi: Kagueni matairi kwanza. Gari la matairi ya saizi 195/65 R15 likivishwa 205/70 R15, kipenyo kinatoka milimita 634 hadi 668. Kila mzunguko linakwenda mbele zaidi kwa asilimia 5, na dashibodi haina habari. Mshale uliokuwa sahihi ukigusa 50, gari liko karibu 53. Kinachowaokoa wengi ni kwamba dashibodi za kiwandani huzidisha kidogo.

Mpimaji: Tochi ya leza hutuma mapigo ya mwanga na kupima umbali unavyopungua, yote ndani ya sekunde moja. Kwenye mita 300 mwale wake una upana wa kama mita moja tu, hivyo hushika gari moja. Rada yenye mwale wa nyuzi 12, umbali huohuo, imetanuka mita 60 na ushee: inaweza kusoma basi lililo nyuma yako. Hapo pana hoja. Ila "afande alikaa pembeni sana" si hoja, ni kujichongea. Pembe hushusha namba: gari la 80 likipimwa kwa nyuzi 20 husomeka 75.

Njia_Kuu: Macho nayo waongo. Ukitoka saa mbili za 80, ile 50 ya kijijini unaiona kama unatambaa, mguu unatulia kwenye 65 na unaapa umepunguza. Ukifunga vioo ndiyo kabisa. Tazama mshale, usijipime kwa hisia.

Shahidi_wa_Pili: @Njia_Kuu hata swali linaongeza mwendo. Mwaka 1974 huko Marekani, wanasaikolojia Loftus na Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali. Walioulizwa magari "yalipobamizana" walikadiria maili 40 na ushee kwa saa, walioulizwa "yalipogusana" hawakufika 32. Askari akiuliza "lilikuwa linakimbia kiasi gani?", jibu ameshalitia chumvi.

Mpimaji: Kabla ya kulipa faini, omba picha ya tochi kwa adabu. Tazama namba ya gari, saa, mwendo, halafu umbali, ambao wengi wanauruka. Ikiandika mita 280, hesabu kutoka alipokaa mwenye tochi, siyo aliyekusimamisha, uone kama ulikuwa umeshapita kibao cha 50 au bado.