Kuchora watu bila kukanyaga darasani: inawezekana au tunajidanganya?

Wakuu, juzi hapa Arusha, karibu na Mnara wa Saa, jamaa kapekua daftari langu akasema nina "mkono wa mtaani". Eti bila kupita chuo cha sanaa Bagamoyo au Chuo Kikuu pale Mlimani nitabaki kuchora Wamasai warefu wa kuuzia watalii. Imeniuma, ndiyo maana naleta mada.

Msimamo wangu: darasa si lazima. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga hakusomea. Alipaka rangi ya baiskeli kwenye hadibodi, akafariki 1972, na hadi leo kuna watu wanakula kwa staili yake.

*Mchangiaji:* Mkuu, Tingatinga mwache apumzike. Yule alichora chui na ndege kwa namna yake, hakuhangaika goti likae wapi. Wewe unataka mtu aonekane mtu. Mtu mzima ana urefu wa vichwa saba na nusu hivi, na katikati ya mwili ni kwenye kinena, siyo kitovuni. Mliojifunza wenyewe mnajulikana kwa viganja. Weka chako usoni sasa hivi: kikianzia kidevuni, ncha za vidole zinafika karibu na nywele. Haya, kaangalie daftari lako.

*Mleta mada:* Nimeangalia. Aisee, viganja vyote vya watoto wa chekechea! Ila ndugu yangu, umenisahihisha kwa dakika moja na hujanitoza ada.

Halafu hao wa darasani wanawekewa mtu akae uchi, atulie. Nikijaribu hayo chumbani kwangu, mama mwenye nyumba atanitolea godoro nje. Mimi nachorea Soko la Kilombero, hapahapa Arusha. Konda hatulii, kwa hiyo najipa sekunde 30: mstari wa uti wa mgongo kwanza, kisha mabega, kisha nyonga. Akiegemea mguu mmoja, nyonga ya upande huo inapanda na bega la upande huohuo linashuka. Hilo nililigundua baada ya kuharibu kurasa kama arobaini. Mama wa ndizi mwenye beseni kichwani ndiye mgumu kuliko wote: kiuno kinacheza, shingo haitikisiki.

*Mchangiaji:* Kurasa arobaini kwa jambo ambalo mwalimu angekuonyesha siku ya kwanza. Hiyo nayo ni ada, mkuu.

*Mleta mada:* Hapo umenibana. Jumamosi asubuhi nipo Kilombero, upande wa ndizi. Njoo na kalamu nyekundu.